Ujumbe ule ule kila mara: Namna ya kusoma makosa ya lekteri ya video



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo moja ambalo kila mtu aliyekaa mbele ya ordinatere analijua, lakini wachache wanalichunguza. Unatia kle yako, unafinya mara mbili juu ya fishie (ni kusema faili) ya wimbo ao ya filme, na pahali pa kusikia sauti unaona dirisha dogo lenye maneno machache na namba ya ajabu. Unalifunga. Unajaribu tena. Dirisha ni lile lile, namba ni ile ile. Kesho yake vilevile.

Hapo mashauri yanaanza. Mmoja anasema: "Ordinatere iko na virusi." Mwingine: "Zima, washa tena." Wa tatu: "Ile fishie imekufa, futa tu!" Kila mmoja anatoa dawa mbele ya kumpima mgonjwa. Na dawa mbaya kuliko zote ni ile ya tatu, sababu fishie iliyofutwa ni shida sana kuirudisha. Tunajua kundi moja la wanafunzi wa kilasi ya sita waliopewa masomo ya fizike kwa video, kusudi wajitayarishe kwa mtihani wa Serikali. Lekteri ya ordinatere yao ilikataa kuyaonyesha. Wakasema yameoza, wakayafuta ili wapate nafasi kwa kle. Yule aliyewapa alikuwa amekwisha kusafiri. Kiisha ikaonekana ya kama mwenzao mmoja alikuwa amenakili masomo mawili kwa ordinatere ya nyumbani kwao, na kule yalicheza vizuri tangu mwanzo mpaka mwisho. Fishie zilikuwa nzima kabisa. Lekteri ndiyo haikujua kuzisoma, nayo ilikuwa imesema hivyo waziwazi, kwa namba, mara nne ao tano. Hakuna aliyesoma ile namba.

Katika kitabu cha Danieli, sura ya 5, tunasoma habari za mfalme Belshaza aliyeona maandishi yakiandikwa ukutani. Aliogopa sana, lakini hakuweza kuyasoma. Danieli alipoitwa hakufuta ukuta. Alisoma neno moja moja, akaeleza maana. Sisi nasi tujaribu kufanya hivyo na dirisha letu dogo.

SANDUKU NA LUGHA

Kwanza tufahamu kitu gani kiko ndani ya fishie ya video. Wengi wanatazama herufi za mwisho wa jina, .avi, .mp4, .mkv, na wanafikiri wamejua yote. Lakini herufi zile zinaonyesha sanduku tu. Ndani ya sanduku kuko picha zilizoandikwa kwa lugha moja, na sauti iliyoandikwa kwa lugha ingine. Lugha hizo zinaitwa kodeki.

Juu ya nini picha ziandikwe kwa lugha ya pekee? Tufanye hesabu. Picha ndogo yenye nukta 640 kwa upana na 480 kwa urefu ina nukta 307.200. Kila nukta inahitaji okteti 3 kwa rangi zake, basi picha moja ni okteti 921.600. Video inaonyesha picha 25 kwa sekonde moja: okteti 23.040.000. Dakika moja ni zaidi ya miliari moja na milioni mia tatu. Kle ya okteti miliari 4 isingetosha hata kwa dakika tatu! Lakini sisi tunaweka kwa kle ile filme nzima, tena zaidi ya moja. Ni kodeki iliyozikunja. Haiandiki kila picha upya. Inaandika sana sana kile kilichobadilika toka picha iliyotangulia. Kama mwalimu amesimama mbele ya tablo, tablo haiandikwi mara 25 kwa sekonde. Mkono wake tu ndio unaofuatwa.

Basi kusudi lekteri icheze fishie, inahitaji mambo mawili: ijue kufungua sanduku, tena ijue lugha zilizo ndani. Ni sawa na barua. Bahasha inaweza kuwa nzuri, karatasi nzima, lakini kama barua imeandikwa kwa Kigiriki na wewe hukusoma Kigiriki, utaikodolea macho tu. Je, utasema barua imeharibika?

Kodeki zenyewe zinazaliwa moja nyuma ya ingine. Ile inayoitwa H.264, ambayo inatumiwa pahali pengi sana, ilitolewa mwaka 2003. Windows XP ilikuwa imetoka tangu 2001, basi lekteri yake haikujua H.264, na haikuwa kosa lake. Lekteri ya Windows 7, iliyotoka 2009, inaijua. Kiisha, mwaka 2013, ikaja H.265, ambayo inakunja picha kwa nafasi karibu nusu ya ile ya kwanza. Telefone nyingi za siku hizi zinaweza kurekodi kwa H.265, na hapo shida inaanza tena: video ya harusi inacheza vizuri ndani ya telefone, lakini ordinatere ya ofisi inaikataa. Watu wanasema telefone imeharibu video. Hapana. Kijana amejifunza lugha mpya ambayo mzee hajaifahamu bado.

Alama moja ni nzuri kuikumbuka: ukisikia sauti lakini kioo ni cheusi, ao ukiona picha bila sauti, mara nyingi sanduku limefunguka vizuri na lugha moja kati ya mbili ndiyo inayokosekana. Fishie ya namna hii usiiguse. Iko nzima.

NAMBA ZINASEMA NINI

Sasa tusome ile namba. Lekteri za Windows zinaandika namba kama 0xC00D1199. Hii si hesabu ya kumi. Ni hexadesimali, hesabu ya kumi na sita. Alama 0x mbele yake inaonyesha hivyo. Tarakimu ni 0 mpaka 9, kiisha A ni 10, B ni 11, C ni 12, D ni 13, E ni 14, F ni 15. Waliofuata somo la hesabu za misingi mbalimbali hawatashindwa.

Namba yote ni tarakimu nane. Nne za kwanza zinasema kosa limetoka wapi. Nne za mwisho zinasema ni kosa gani. Tazama tarakimu ya kwanza kabisa: karibu sikuzote ni 8 ao C. Kwa hesabu ya mbili 8 ni 1000 na C ni 1100. Zote mbili zinaanza na 1, na ile 1 ya kwanza ndiyo alama ya kosa. Kiisha inafuata namba ya nyumba. Katika C00D, nyumba ni D, ni kusema 13, nayo ni nyumba ya sauti na video. Katika 8007, nyumba ni 7: hapo ni Windows yenyewe inayosema, wala si lekteri.

Tofauti hii ni kubwa sana, nasi tungependa kila mwanafunzi aishike hata kama atasahau mengine. Ukiona C00D, mara nyingi swali ni la sanduku ao la lugha. Ukiona 8007, lekteri pengine haijafika hata kwa sanduku, imezuiwa njiani.

Tukianza na C00D: namba C00D1199 ni ya Windows Media Player, nayo inasema kwamba lekteri labda haijui aina ya fishie, labda haijui kodeki. Inachanganya mambo mawili, kwa hiyo haitusaidii sana. Lekteri zilizokuja na Windows 10 zinatenga vizuri zaidi. C00D36C4 maana yake: sanduku hili silijui. Inaweza kuwa ni sanduku geni kweli, ao mtu alibadilisha herufi za mwisho wa jina kwa mkono (kuna wanaofikiri ya kama ukiandika .mp4 fishie inageuka mp4!), ao mwanzo wa fishie umeharibika hata halitambulikani tena. Lakini C00D5212 maana yake: sanduku nimelifungua, ila lugha ya ndani sina mtu wa kunitafsiria. Namba hii ya mwisho ni habari njema. Ni fishie nzima inayongoja lekteri ingine.

Kwa 8007 kuko jambo la kufurahisha. Kamata tarakimu nne za mwisho, zigeuze kuwa hesabu ya kumi, na utapata namba ya kosa katika orodha ya Windows. 80070002: ni 2, fishie haionekani pale ulipoonyesha. 80070005: ni 5, umekatazwa ruhusa. 80070570: hapa hesabu kidogo. 5 mara 256 ni 1.280, 7 mara 16 ni 112, 0 mwishoni. Jumla 1.392. Na kosa 1392 ni hili: fishie ao dosie imeharibika, haisomeki. Hii tu, kati ya zote tulizotaja, ndiyo inayosema kweli kwamba kitu kimeoza, na hata hapo mara nyingi si fishie peke yake; ni kle. Tutairudilia.

Iko moja inayochosha: 80004005. Maana yake ni "kosa lisilotajwa." Ni sawa na shahidi anayekuja mbele ya baraza na kusema: jambo fulani limetokea. Ukipata hiyo, namba haisaidii kitu. Endelea kwa majaribio tutakayoeleza mbele.

JUU YA NINI UJUMBE UNARUDI

Kosa linalokuja mara moja na kupotea, tuliache. Lile linalorudi kila siku lina sababu inayokaa pahali fulani, na sababu hiyo haitaondoka kwa kufunga dirisha.

Wengi wetu tunatumia VLC, na VLC iko na ujumbe mmoja unaoshangaza watu kwa fishie za .avi. Inasema kwamba indeksi ya fishie imevunjika ao haiko, tena inauliza: nitengeneze indeksi kisha nicheze, ao nicheze hivi hivi, ao niache? Mtu anafinya "tengeneza", anangoja, filme inacheza vizuri. Kesho yake anaona swali lile lile. Anakasirika: "Si jana niliitengeneza?"

Indeksi ni nini? Kitabu cha nyimbo kina orodha ya nyimbo kwa kurasa za mwisho. Ukitaka wimbo fulani unatazama orodha, unakwenda moja kwa moja kwa ukurasa wake. Katika sanduku la .avi orodha ile inaandikwa mwishoni kabisa mwa fishie. Sasa, kama fishie ilikatika wakati wa kunakiliwa, kwa sababu grupe ilizimika, ao mtu aliondosha kle mbele ya wakati, ao intaneti ilikatika wakati wa kushusha, ni mwisho unaokosekana, na orodha ilikuwa kule. Kitabu kimepasuka kurasa za nyuma. VLC inakubali kazi ya kupitia kitabu chote na kujiandikia orodha. Lakini inaiandika ndani ya kumbukumbu yake tu, si ndani ya fishie. Ujumbe wenyewe unasema hivyo, kama mtu angeusoma mpaka mwisho: VLC haitatengeneza fishie yako. Ukizima, orodha inapotea. Ndiyo sababu swali linarudi.

Dawa ya kwanza ni kunakili fishie mara ya pili toka kwa mwenyewe, kama bado anayo. Kama hanayo, unaweza kuhamisha vilivyo ndani kwa sanduku jipya bila kugusa picha wala sauti. Kwa programu ffmpeg, ambayo haiuzwi, amri ni mstari mmoja:

ffmpeg -i zamani.avi -c copy mpya.avi

Neno copy maana yake: usitafsiri, hamisha tu. Kwa sababu haitafsiri, inakwisha haraka hata kwa mashini ya zamani. Fishie mpya inapata orodha yake, na ujumbe haurudi tena. Dakika zilizokatika mwishoni hazitarudi, bila shaka.

Kwa .mp4 hali ni mbaya kidogo, na hapa tunawaomba wale wanaorekodi kwaya na mahubiri kwa telefone wasikilize sana. Sanduku la mp4 nalo lina orodha, na telefone nyingi zinaiandika pale tu unapofinya alama ya kusimamisha. Kama batri inakufa katikati ya ibada, picha zote zimo, sauti yote imo, lakini orodha haikuandikwa. Na katika mp4 orodha si ya kutafuta kurasa tu. Inaonyesha pia lugha gani imetumiwa na kila kipande kinaanzia wapi. Bila hiyo lekteri haiwezi hata kuanza. ffmpeg itasema kwamba moov haikupatikana (moov ndilo jina la orodha ile), na VLC itakataa. Watu wanafuta. Wasifute! Kuko programu inayoitwa untrunc, nayo inachukua video ingine nzima, iliyorekodiwa na telefone ile ile kwa namna ile ile, na kwa mfano wake inajaribu kuandika orodha ya ile iliyokatika. Haifaulu kila mara. Lakini sauti ya mzee aliyehubiri kwa mara yake ya mwisho haitarekodiwa tena, basi inafaa fishie ile ingoje kwa dosie yake mpaka apatikane mtu wa kujaribu. Tena kwa siku zijazo: kama batri iko chini, rekodi kwa vipande vifupi vifupi. Kikikatika kimoja, vingine vinabaki.

Ujumbe wa pili unaorudi ni wa VLC vilevile: inasema haiwezi kufungua MRL, kiisha inaandika mstari mrefu kama file:///E:/Nyimbo/wimbo%20wa%20kwanza.mp3. Watu wanaogopa mstari ule, kumbe ndio jibu lenyewe. MRL ni anwani tu, ni kusema pahali fishie ilipo. Ile %20 ni nafasi tupu kati ya maneno. Soma herufi ya kwanza: E. Fungua dosie ya ordinatere na utazame: leo kle yako iko na herufi gani? Mara nyingi utakuta ni F ao G, kwa sababu kle ingine ilitiwa mbele yake. Nyimbo ziko pale pale. Orodha ya nyimbo uliyojiwekea ndiyo inayoita kwa mlango wa zamani. Ni kama kumtafuta rafiki kwa nyumba aliyohama.

Hapo usifute kitu. Weka orodha, aina ya M3U, ndani ya dosie moja na nyimbo zenyewe, kiisha uifungue kwa Bloc-notes (M3U ni maandishi ya kawaida), ondosha E:\ na majina ya dosie, acha majina ya nyimbo tu. Tangu siku hiyo herufi ya kle haina kazi tena. Kwaya yenye nyimbo mia mbili inaweza kumaliza kazi hiyo kwa muda mfupi, na mwimbishaji hatasumbuka tena siku ya Mungu asubuhi.

Sasa ile 80070570. Kama inatokea kwa fishie moja tu, labda ni hiyo. Kama inatokea kwa fishie nyingi za kle moja, na zile za ordinatere zinacheza vizuri, kle inaumwa. Jambo la kwanza si kutengeneza kle. La kwanza ni kuacha kuandika kitu juu yake, tena kunakili kwa ordinatere kila kinachokubali kunakiliwa. Nyuma ya hapo tu ndipo utumie amri ya Windows, chkdsk E: /f, ukiweka herufi ya kle yako. Tunasisitiza utaratibu huu kwa sababu amri ile inatengeneza kle, si fishie zako. Vipande ambavyo haijui ni vya nani inaweza kuvikusanya kwa majina kama FILE0000.CHK, na hapo hutatambua tena kipi ni wimbo, kipi ni barua.

Kwa wenye Windows Media Player iko ingine, 80080005, inayokuja wakati wa kufungua lekteri yenyewe, mbele ya kuchagua wimbo wowote. Mara nyingi lekteri uliyofunga mbele haikufa kweli. Inakaa imejificha na kuziba mlango. Finya Ctrl, Shift na Esc pamoja, tafuta wmplayer.exe katika orodha, uisimamishe, kiisha ufungue upya. Ni hiyo tu.

DIRISHA LISILO LA LEKTERI

Tumefika kwa jambo la hatari. Tumesema ya kama kodeki ikikosekana, fishie haichezi. Wezi nao wanajua hivyo. Tangu mwaka 2005 kulienea programu mbaya iliyoitwa Zlob, ambayo ilijivika nguo ya kodeki: mtu anataka kuona video, anaambiwa kodeki inakosekana, finya hapa uipate. Alichopata si kodeki. Zlob yenyewe imezeeka, lakini ujanja wake haujazeeka, hata sasa video ingine inafungua dirisha linalosema "Shusha kodeki hii kwanza."

Namna ya kutofautisha: ujumbe wa kweli wa lekteri unakuambia kwamba imeshindwa, na unatoa namba. Ujumbe wa mwizi unakupa fishie ya kufungua, tena mara nyingi inaishia kwa .exe. Video haiishii kwa .exe hata siku moja. Lakini angalia: Windows inaficha herufi za mwisho kama hukuiamuru isizifiche, basi filme.avi.exe utaiona kama filme.avi, na utafurahi bure. Waliotia kle zao ndani ya ordinatere ya siberi wanajua dosie zinavyorudi nyumbani na wageni.

Dawa tunayopendekeza ni kutotafuta kodeki moja moja. VLC inabeba kodeki zake ndani yake mwenyewe, zaidi ya zile za Windows, kwa hiyo lekteri ya Windows ikiandika C00D5212, mara nyingi VLC itacheza fishie ile bila kuuliza kitu. Na kama VLC nayo haiwezi, lakini video inakuomba kushusha kitu, iache.

Wanafunzi watapenda kujua ya kuwa VLC ilianzishwa na wanafunzi. Mwaka 1996, wale wa École Centrale Paris, huko Ufaransa, walianza kazi ya kupitisha video kwa nyaya za shule yao. Ndiyo ikawa VideoLAN. Mwaka 2001 walitoa programu chini ya leseni ya GPL, inayompa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake bila malipo. Kwa hiyo mtu mmoja akiishusha kwa VideoLAN wenyewe, shule nzima inaweza kuinakili kwa kle bila kuiba. Hii si kama zile programu zinazouzwa ambazo tunaona zikipita toka mkono hata mkono.

MBELE YA KUFUTA

Tuseme namba haikusaidia, ao dirisha halina namba. Bado kuna majaribio ambayo hayahitaji elimu kubwa. Chezesha fishie ingine kwa lekteri ile ile. Ikicheza, lekteri si mgonjwa. Kiisha peleka fishie mgonjwa kwa lekteri ingine, na tena kwa mashini ingine. Ikicheza kule, fishie ni nzima na hakuna sababu ya kuifuta.

Kama haichezi popote, finya kwa upande wa kuume wa suri, chagua Propriétés, usome ukubwa kwa okteti, ukamuulize mwenye fishie ya kwanza yake ina ngapi. Kama yake ni 734.003.200 na yako ni 512.000.000, hukupewa filme yote. Kama yako ni 0, hukupewa kitu, ni jina tu. Kama zinalingana, usiseme mara moja kwamba zote ni sawa, maana mara ingine Windows inatenga nafasi yote mbele ya kumaliza kunakili. Lakini ni dalili nzuri. Na VLC za zamani zikikuambia kwamba hazijui aina undf na ya kuwa huwezi kufanya kitu, usikate tamaa upesi. Neno undf maana yake tu ni "haijulikani". Linatokea sana kwa fishie zilizoshushwa nusu, na kuishusha upya mara nyingi kunatosha.

MAZOEZI

1. Katika orodha ya Windows, kosa 32 ni fishie inayotumiwa na programu ingine, na kosa 112 ni disko iliyojaa. Andika namba zote mbili kwa hexadesimali, kwa tarakimu nane, jinsi zingeonekana kwa kioo.

2. Video ina nukta 1.280 kwa 720, okteti 3 kwa nukta, picha 25 kwa sekonde. Bila kodeki, kle ya okteti miliari 8 itabeba sekonde ngapi?

3. Mama mmoja analeta video ya ubatizo wa mtoto wake. Kwa telefone inacheza. Kwa ordinatere ya shule sauti inasikika, kioo ni cheusi, na namba ni 0xC00D5212. Kle yake imebakiza nafasi kidogo, naye anaomba umfutie video hiyo kusudi apate nafasi. Utamjibu nini, na utafanya nini kwanza?

Majibu yaandikwe kwa karatasi na kuletwa kwa mwalimu wa informatike mbele ya siku ya Posho.